Kumtafutia Mzazi Makao ya Kulelewa Marekani: Anza na Mwili Wake, Kisha Uliza Nani Atalipa

Familia nyingi za Waswahili hapa Marekani huanza kutafuta makao ya kumlea mzazi zikiwa tayari zimesimama kwenye korido ya hospitali. Mzee ameanguka bafuni au amepata kiharusi, na ofisa ustawi wa jamii anawaeleza kwamba mgonjwa ataruhusiwa kesho kutwa, hivyo wachague jina moja katika orodha ndefu waliyokabidhiwa. Kwa haraka hiyo watu huchagua jengo lililo karibu na nyumbani au lile lenye picha nzuri. Nimefanya kazi ya kulea wazee na watu wenye ulemavu katika jimbo la Washington kwa miaka mingi, kwanza kwenye nyumba kubwa za uuguzi, kisha kwenye makazi ya usaidizi, na sasa kwenye nyumba ndogo yenye wakazi sita, nami nimemtafutia makao shangazi yangu mwenyewe. Kila anayeniomba ushauri mimi humwambia kwamba kabla hajaangalia jengo, aangalie mwili wa mgonjwa wake unahitaji nini saa nane usiku, kisha aulize ni nani atakayelipa. Maswali hayo mawili yakijibiwa kwa ukweli, aina nyingi za makao zitajiondoa zenyewe, na zitakazobaki zitakuwa chache za kutosha kuzitembelea kwa utulivu.

Wataalamu hupima uwezo wa mtu kwa mambo sita ya kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kuzuia haja. Kipimo hicho unaweza kukifanya wewe mwenyewe nyumbani, mradi usikifanye kwa kuuliza. Mzee wa kwetu mwenye staha, akiulizwa na mwanawe kama anaweza kuoga peke yake, atajibu kwamba anaweza, hata kama ana wiki hajagusa maji kwa kuogopa kuteleza. Tazama kwa macho. Je, anaposimama kutoka kwenye kiti anahitaji mtu mmoja wa kumshika, au wawili? Huamka usiku mara ngapi, na akiamka anajua choo kiko wapi? Amewahi kutoka nje akapotea? Huyo anayehitaji watu wawili kumnyanyua, au mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, hawezi kuwekwa mahali ambapo usiku kuna mhudumu mmoja tu, hata pawe pazuri namna gani.

Nyumba ya uuguzi ndiyo watu wengi huifikiria kwanza, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Humo kuna wagonjwa wenye mirija ya chakula, wenye vidonda vinavyohitaji kufungwa kila siku, na wengine waliotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga ambao wamekuja kwa mazoezi ya viungo tu na watarudi nyumbani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 ndiyo iliyoweka haki za wakazi wa nyumba hizi, na kwa kanuni za kawaida za shirikisho panatakiwa pawe na muuguzi mwenye leseni saa zote 24, na muuguzi aliyesajiliwa kwa angalau saa 8 mfululizo kila siku. Kinachopungua mara nyingi ni wauguzi wasaidizi, wale wanaoogesha, wanaolisha na wanaogeuza wagonjwa kitandani. Mimi nimekuwa miongoni mwao, na ninajua maana ya kengele tatu kulia kwa wakati mmoja huku mgonjwa wa nne ameketi chooni na hawezi kuachwa peke yake. Mkazi asiyeweza kujigeuza asipogeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ya kisigino na ya juu ya makalio huanza kuwa nyekundu, na kidonda kinachoanza hivyo kinaweza kuchukua miezi kupona. Kwa hiyo, ikiwa mgonjwa wako anahitaji kweli uuguzi wa kitaalamu, usione aibu kumpeleka huko; lakini ikiwa anachohitaji ni kuogeshwa, kukumbushwa dawa na kuwa na mtu karibu, nyumba ya uuguzi itampokonya uhuru mwingi bila kumpa anachokikosa.

Katika hatua hii kuna jambo moja linalowaumiza watu wetu sana, nalo ni kudhani kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali ya shirikisho ambayo hasa ni ya wenye umri wa miaka 65 au zaidi, hulipia malezi ya muda mrefu. Hailipii. Medicare ya kawaida hulipia nyumba ya uuguzi kwa muda wa kupata nafuu tu, usiozidi siku 100 kwa kila kipindi cha ugonjwa, na hufanya hivyo ikiwa mgonjwa alilazwa hospitalini rasmi kwa siku tatu mfululizo na bado anahitaji huduma ya kitaalamu. Siku 20 za mwanzo hulipiwa zote. Kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia, na kwa mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Zaidi ya hapo, mgonjwa anaweza kulala hospitalini siku tatu au nne huku kwenye karatasi ameandikwa kwamba yuko chini ya uangalizi tu, na siku hizo hazihesabiwi. Muulize daktari swali hili waziwazi tangu siku ya kwanza: mzazi wangu amelazwa rasmi au yuko kwenye uangalizi? Jibu lake linaweza kubadilisha hesabu yote ya familia.

Makazi ya usaidizi ni aina ya pili. Mkazi ana chumba au nyumba yake ndogo yenye mlango anaoufunga mwenyewe, chakula hupikwa pamoja, na wahudumu humsaidia kuoga, kuvaa na kunywa dawa kadiri alivyoandikishwa. Hakuna sheria moja ya shirikisho inayoyatolea leseni, kwa hiyo kila jimbo lina kanuni zake, na unachokiona Washington usitegemee kukikuta Texas. Kwa mzee anayetembea, anayependa watu na asiyesahau sana, ni mahali pazuri. Lakini soma vizuri jinsi wanavyotoza. Bei unayoambiwa mlangoni mara nyingi ni ya chumba na chakula, na msaada huongezwa kwa ngazi kadiri mwili unavyodhoofika, hivyo ndani ya mwaka mmoja bili inaweza kupanda sana bila mzee kuhama chumba. Utafiti wa gharama wa kampuni ya CareScout wa mwaka 2024 uliweka bei ya kati ya makazi haya kitaifa kwenye dola 70,800 kwa mwaka, na chumba cha watu wawili katika nyumba ya uuguzi kwenye dola 111,325. Mengi ya makazi haya yana sehemu maalumu kwa wenye ugonjwa wa kusahau, ambapo milango hufunguliwa kwa namba za siri ili mtu asitoke akapotea. Sehemu hizo hutofautiana mno, na jina lililoandikwa mlangoni halikuambii kama wahudumu wamefundishwa.

Zipo pia jumuiya kubwa za wastaafu ambazo mtu huingia akiwa mzima na kuhamishwa ndani ya uwanja huo huo kadiri anavyozeeka. Ada ya kuingia peke yake inaweza kufika mamia ya maelfu ya dola, na sijaona familia ya kwetu iliyoingia humo.

Aina ninayoijua kwa undani ni ile ambayo sheria ya Washington huiita nyumba ya familia ya watu wazima (adult family home). Ni nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, yenye leseni ya kupokea wakazi wasiozidi 6, na tangu mwaka 2020 baadhi huweza kuruhusiwa kufika 8. Jikoni kuna sufuria motoni, sebuleni kuna televisheni moja, na mhudumu anayempa mzee dawa asubuhi ndiye huyo huyo aliyempikia uji. Jimbo hili lina maelfu ya nyumba hizi, na katika kaunti za King na Pierce, yaani eneo la Seattle na Tacoma, nyingi zinaendeshwa na wahamiaji, wakiwemo Wakenya, Waethiopia, Wafilipino na Waromania. Kwa mzee wa Kiswahili jambo hilo lina uzito kuliko anavyoweza kudhani mtu ambaye hajaishi na mgonjwa wa demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau.

Bibi mmoja wa Pwani aliletwa kwetu kutoka jengo kubwa, na faili lake lilisema kwamba ni mkorofi nyakati za alfajiri: huwasukuma wahudumu, hupiga kelele, hukataa kubadilishwa nguo. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea Kiingereza chote alichojifunza ukubwani, jambo linalowapata wengi, kwa kuwa lugha iliyokuja mwisho ndiyo hutangulia kuondoka. Alfajiri ya kwanza, alipoanza kuvuta shuka na kunung'unika, mwenzangu wa zamu alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba papo hapo, kisha akaanza kukunja mikono ya gauni lake hadi juu ya viwiko, na hapo tukaelewa kwamba alikuwa anataka kutawadha. Tulimletea beseni na birika la maji ya uvuguvugu, tukamtandikia taulo mapajani, akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono kwa mpangilio ambao ugonjwa haukuwa umeugusa. Alipomaliza alikubali kubadilishwa nguo bila neno. Wiki chache baadaye daktari wake alipunguza dawa ya kumtuliza aliyokuja nayo.

Ninaeleza hayo ili familia iandike mambo kama haya kwenye karatasi na kumkabidhi kila mhudumu mpya: anaswali saa ngapi, hali nyama gani, anataka kuogeshwa na mwanamke tu, anaogopa mbwa, jina la utani aliloitwa na mama yake, chai yake ni ya rangi au ya maziwa. Wahudumu wema wengi hukosea kwa kutojua tu.

Hata hivyo, nawasihi msichague nyumba ndogo kwa sababu tu mwenye nyumba ni mtu wa kwetu au mnasali naye. Nimeona nyumba ambamo mwenye leseni anaishi mbali na amemwachia kila kitu mhudumu mmoja aliyechoka, anayelala kwenye kochi kati ya zamu mbili. Katika nyumba nyingi za aina hii mhudumu wa usiku anaruhusiwa kulala ikiwa wakazi hawahitaji mtu aliye macho, kwa hiyo uliza moja kwa moja: usiku mhudumu analala au anakesha? Uliza pia kama nyumba imeidhinishwa kulea wenye demensia, wenye matatizo ya afya ya akili au wenye ulemavu wa ukuaji unaoanza utotoni, kwani Washington huhitaji mafunzo ya pekee kwa kila kundi. Mwenye nyumba mzuri atakuonyesha vyeti bila kukunja uso.

Kwa watu wazima wenye ulemavu ambao bado ni vijana, njia ni tofauti kidogo, na wazazi wengi wa kwetu hawaijui. Mwaka 1999, katika kesi iliyotoka Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi, ilhali anaweza kuishi katika jamii kwa msaada na wataalamu wamekubali hivyo, ni ubaguzi. Walioshtaki walikuwa wanawake wawili, Lois Curtis na Elaine Wilson. Tangu hapo majimbo yamesukumwa kutoa msaada katika nyumba za kawaida, ambapo watu wawili au watatu wenye ulemavu hupanga nyumba yao na wahudumu huwafuata huko. Kijana wa miaka 30 aliyepooza kwa ajali hana sababu ya kumalizia ujana wake kwenye korido ya wazee wa miaka 90 ikiwa anachohitaji ni mtu wa kumwinua asubuhi na kumlaza usiku. Akipelekwa nyumba ya uuguzi baada ya hospitali, omba mapema tathmini ya kurudi kwenye jamii, na uendelee kuomba, maana foleni huwa ndefu.

Nije kwenye fedha, ambazo ndizo huamua mengi. Anayelipia sehemu kubwa ya malezi ya muda mrefu nchini humu ni Medicaid, mpango wa watu wenye kipato kidogo unaoendeshwa na shirikisho pamoja na majimbo. Kwa mtu asiye na mwenzi, majimbo mengi, Washington likiwamo, hutaka asiwe na akiba inayozidi dola 2,000, ingawa nyumba anayoishi na baadhi ya vitu havihesabiwi. Ofisi hutazama miezi 60 iliyopita kuona kama mtu aligawa mali yake, na hapa watu wetu huingia matatani, kwa sababu fedha ambazo mzee alituma nyumbani kumjengea mdogo wake au kuwasomesha wajukuu zinaweza kuhesabiwa kuwa mali iliyogawanywa, na kiwanja alichonacho Kibaha au Kitengela nacho ni mali inayopaswa kutajwa. Usifiche. Nenda kwa mwanasheria wa masuala ya wazee kabla ya kujaza fomu, hata ikibidi familia ichangishane kumlipa.

Kwa aliyemleta mzazi kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida kuna kungoja miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid ya shirikisho, na mtoto aliyesaini hati ya kumdhamini anabaki na wajibu hadi mzazi apate uraia au atimize robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi. Mkaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 65 au zaidi aliyekaa miaka mitano mfululizo anaweza kununua Medicare, lakini asiyewahi kufanya kazi hapa alitozwa hadi dola 518 kwa mwezi mwaka 2025 kwa sehemu ya hospitali pekee. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji wanaostahili Medicaid, hivyo ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wafuatilie mapema suala la kupata ukaazi wa kudumu.

Kinachonisikitisha ni kuona watu wakidhani kwamba Medicaid hulipia nyumba ya uuguzi tu. Kwa mgonjwa anayehitaji malezi ya kiwango cha nyumba ya uuguzi, mipango ya Medicaid ya Washington, ukiwamo ule uitwao COPES, huweza kulipia huduma katika nyumba ya familia, katika makazi ya usaidizi, au nyumbani kwake mwenyewe. Na jimbo hili humruhusu mtoto kulipwa mshahara kwa kumlea mzazi wake, baada ya mafunzo na ukaguzi wa historia yake. Nimeona mabinti walioacha kazi za ghala na kumlea mama kwa miaka mingi wakiwa na malipo na bima, badala ya kumhamisha. Wanaofanya kazi Washington wajue pia kwamba asilimia 0.58 inayokatwa kwenye mshahara wao tangu Julai 2023 ni ya mfuko wa jimbo wa malezi ya muda mrefu uitwao WA Cares, uliopangwa kutoa hadi dola 36,500 kwa kila anayestahili kuanzia Julai 2026.

Ukishabakiwa na nyumba mbili au tatu, zitembelee. Ziara ya kwanza waweza kuipangia miadi, lakini ya pili nenda Jumamosi jioni wakati wa chakula, kwa sababu mwishoni mwa wiki ndipo wahudumu hupungua. Simama kwenye korido na usikilize kengele inalia kwa muda gani kabla mtu hajaitikia. Tazama kama wanaolishwa wanalishwa na mtu aliyeketi, anayewatazama usoni, au na mtu aliyesimama na simu mkononi. Tazama kucha, midomo iliyokauka, na glasi ya maji: iko mahali mkono wa mgonjwa unapofika? Harufu ya mkojo mahali pamoja ni ajali ya wakati huo. Harufu hiyo ikiwa jengo zima, ni mazoea. Muulize mhudumu, si meneja, amefanya kazi hapo muda gani. Kwa nyumba za uuguzi, ripoti ya ukaguzi wa mwisho lazima iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma bila kuomba, na tovuti ya serikali iitwayo Care Compare huonyesha makosa yaliyokutwa kwenye ukaguzi wa miaka ya karibuni, pamoja na nyota ambazo serikali hulipa kila jengo kama alama. Mimi husoma makosa yenyewe kuliko idadi ya nyota.

Siku ya kusaini, usiwe na haraka hata kama umechoka. Sheria ya shirikisho inaikataza nyumba ya uuguzi kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa malipo, lakini karatasi nyingi huwa na mstari wa "mhusika" (responsible party) ambao mtoto huusaini bila kuusoma. Saini kwa niaba ya mzazi tu, na uandike hivyo kando ya jina lako. Karatasi ya kukubali kwamba migogoro haitapelekwa mahakamani si sharti la kupokelewa katika nyumba ya uuguzi, na aliyeisaini ana siku 30 za kuifuta. Katika nyumba ndogo na makazi ya usaidizi, pata kwa maandishi kama watamhifadhi mzee fedha zake zikiisha na Medicaid ikaanza kulipa; baadhi hutaka mwaka mmoja au miwili ya malipo binafsi kwanza, na baadhi hawapokei Medicaid kabisa.

Mzee akishaingia, nyumba ya uuguzi inapaswa kuwa na mpango wa awali wa malezi ndani ya saa 48, na familia ina nafasi ya kushiriki kikao cha mpango kamili, mzee mwenyewe akiridhia. Nenda na ile karatasi ya chai, sala na jina la utani. Pakitokea jambo ambalo uongozi haulishughulikii, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao haya, huduma yake ni ya bure na ni ya siri, na mtetezi huweza kuingia ndani kuonana na mkazi. Wala nyumba ya uuguzi haiwezi kumtoa mtu kwa kupenda kwake: kwa kawaida lazima itoe taarifa ya maandishi ya siku 30 yenye sababu inayokubalika kisheria, na mkazi ana haki ya kukata rufaa.

Haya yote huwa mepesi ikiwa mzee ameshaandika hati ya uwakilishi wa kisheria, kwa afya na kwa fedha, wakati akili yake bado ni timamu. Akishapoteza uwezo wa kuelewa anachosaini hawezi tena kuisaini, na familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba usimamizi, kwa gharama na kwa miezi. Kama mzazi wako bado anakupigia simu mwenyewe na kukumbuka majina ya wajukuu wote, mwombe akae na mwanasheria mwezi huu.